Mungu ni mwaminifu: neno hilo linabeba nini siku ya dhiki?

Ukikaa msibani kwa saa mbili tu utasikia karibu kila fundisho la Kikristo kuhusu mateso, tena bila mhubiri kufungua kinywa. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Mungu hampi mja mzigo asioweza kuubeba." "Bwana ametoa, Bwana ametwaa." "Mungu ni mwaminifu, atakupa mwingine." Hii ya mwisho niliisikia kwa masikio yangu, akiambiwa jirani yangu ambaye asubuhi ya siku hiyo alikuwa amemzika mtoto wa miaka minne. Alikuwa amekaa mkekani, miguu kainyoosha, khanga imemshuka hadi kwenye nyusi, na mkononi kashika kandambili moja ndogo ya mtoto, ambayo sijui aliitoa wapi, maana nguo za marehemu zilikuwa zimeshafungwa na kuwekwa kando. Mama aliyeitamka kauli ile hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa jikoni tangu alfajiri, macho yamemwiva kwa moshi. Lakini nilimwona jirani yangu akiifumba ile kandambili kiganjani, kama mtu anayeficha hela.

Tangu siku ile neno "mwaminifu" hunikwama kooni kidogo. Naliamini, na ninaliimba kila Jumapili na wenzangu. Ila nimekuja kuona kwamba tunalitumia kwa maana tatu nne zilizochanganyika, na ile inayomfikia mtu aliyefiwa, aliyefukuzwa kazi au anayesubiri majibu ya vipimo mara nyingi ndiyo ile ambayo Biblia haikuikusudia. Inafaa kuzichambua moja moja.

Mikono iliyothibitika

Kiswahili kina bahati hapa. Amini, imani, amana, amani, mwaminifu, amina: yote ni ukoo mmoja tulioupokea kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Kwa hiyo neno la Kiebrania ambalo Biblia yetu hulifasiri "uaminifu", yaani emuna, lina mzizi uleule tunaoutamka kila tunapoitikia mwisho wa sala. Mtu aliyewahi kuweka amana kwa mwenzake anajua tayari nusu ya theolojia ya jambo hili: kitu kimetoka mikononi mwako, hukioni, na ulichobaki nacho ni tabia ya yule aliyekishika.

Nusu ya pili imo katika Kutoka 17. Waisraeli wanapigana na Waamaleki bondeni, Musa yuko juu ya kilima ameinua mikono. Ikiinuka, Israeli wanashinda. Ikishuka, Amaleki wanashinda. Mikono ya mzee ikawa mizito. Wakatafuta jiwe akalikalia, Haruni akashika mkono mmoja, Huri mwingine, na maandiko yanasema "mikono yake ikathibitika hata jua lilipokuchwa". Hilo "ikathibitika" katika Kiebrania ni emuna, neno lilelile la "uaminifu wako ni mkuu". Maana yake pale haina utukufu mwingi: mikono haikutetemeka, haikudondoka, ilibaki pale ilipokuwa mpaka kazi ikaisha.

Pa kuanzia ni hapo. Ukisema Mungu ni mwaminifu unasema habari za mikono yake, kwamba haishuki. Kuhusu Waamaleki hujasema kitu, wala kuhusu saa ya jua kuchwa. Na tofauti kati ya Musa na Mungu katika picha hii iko wazi: Musa alihitaji jiwe na watu wawili, Mungu hahitaji. Sisi ndio tunaohitaji jiwe na watu wawili, jambo ambalo wahubiri wengi huliruka.

Neno hilohilo lipo kwa Habakuki: "mwenye haki ataishi kwa imani yake." Ni emuna tena. Tukilisoma kwa haraka tunadhani nabii anazungumzia nguvu ya kuamini, kama msuli wa moyoni. Lakini Habakuki alikuwa amelalamika kwamba Mungu anawaleta Wakaldayo, yaani Wababeli, watu wabaya kuliko wale aliowalalamikia mwanzo, na jibu alilopewa lilikuwa asubiri bila kuyumba. Sura ya tatu anaishia na mtini usiochanua, mizabibu bila matunda, mizeituni iliyomvunja moyo mkulima, mashamba bila chakula, zizi bila kundi. Kwa nchi ya wakulima na wafugaji hiyo ni habari ya mtu aliyefilisika kila upande. Na kwenye maneno yake hakuna mahali anaposema kwamba zizi lilijaa tena.

Hanania na miaka miwili

Mkanganyiko mkubwa kuliko yote ni kuugeuza uaminifu wa Mungu kuwa ratiba, na Biblia yenyewe ina mtu aliyefanya hivyo hadharani.

Mwaka 597 KK Nebukadreza wa Babeli alimchukua mateka mfalme Yekonia pamoja na wakubwa, mafundi na askari. Yerusalemu ilibaki, hekalu lilikuwa bado limesimama, lakini vyombo vyake vingi vilikuwa vimekwenda Babeli. Yeremia akawa anatembea mjini na nira ya mti shingoni, akisema utawala wa Babeli hauishi leo wala kesho. Ndipo katika mwezi wa tano, ndani ya hekalu, mbele ya makuhani na watu wote, akasimama Hanania wa Gibeoni akatangaza kwa jina la Bwana kwamba katika miaka miwili vyombo vyote vitarudi, na mfalme atarudi, na mateka wote watarudi. Unaweza kuyasikia makofi.

Jibu la Yeremia ndilo linalonigusa. Neno lake la kwanza lilikuwa "Amina." Akasema Bwana na afanye hivyo. Hakufurahia kuwa sahihi; na yeye alitaka vyombo virudi, na yeye alikuwa na jamaa. Ndipo akaongeza kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia. Hanania akaichukua ile nira shingoni mwa Yeremia akaivunja, na Yeremia, kwa unyenyekevu ambao sioni nikiuweza, akaenda zake. Baadaye akarudi na ujumbe kwamba nira ya mti imevunjwa na badala yake imekuja ya chuma. Mwezi wa saba wa mwaka uleule Hanania alikufa. Miaka ipatayo saba hivi baadaye mji ulianguka.

Sura inayofuata, Yeremia 29, ni barua kwa wale waliokwishapelekwa Babeli. Humo ndimo ulimo mstari tunaouona kwenye kalenda za kanisa, kwenye kuta za sebule na nyuma ya daladala: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Kiswahili hakitufichi kwamba hili limesemwa kwa wingi. Ni "ninyi", taifa, jamii yenye wazee na watoto. Tunaliweka kwenye kadi ya mahafali kana kwamba limeandikwa "wewe".

Tena ukirudi nyuma mstari mmoja tu, wa 10, unakuta miaka sabini. Piga hesabu. Aliyesomewa barua ile akiwa na miaka thelathini angehitaji kufika mia ndipo auone mwisho wake. Wengi wao walizikwa Babeli. Ndiyo maana barua inaanza na maagizo ya watu ambao hawaondoki karibuni: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni watoto wenu, uombeeni amani mji ule mliomo. Ahadi ilikuwa ya kweli. Babeli ilianguka mwaka 539 KK na Koreshi akawaruhusu watu kurudi. Ila wengi waliorudi walikuwa wajukuu.

Sasa, mimi si adui wa mifungo ya Januari. Nimefunga, nimekesha, na nimewahi kupata nilichoomba kabla mwezi haujaisha. Mungu akitaka kujibu kwa siku 21, nani amzuie? Shida yangu iko Desemba. Kila mwaka unapewa jina, mwaka wa upenyo, mwaka wa kumiliki, na kila mwaka kuna dada aliyeingia nao akiwa na kesi ya ardhi na akatoka nao akiwa na kesi ileile. Kwa hesabu za Hanania kuna majibu mawili tu: ama Mungu amedanganya, ama wewe huna imani. Kwa kuwa hakuna anayethubutu kulisema la kwanza, dada yule anabeba la pili kimyakimya, na mwaka unaofuata anakaa viti vya nyuma.

Mstari uliozungukwa na kilio

Mji ulipoanguka, yapata mwaka 586 KK baada ya kuzingirwa na njaa, mtu fulani aliandika kitabu kidogo tunachokiita Maombolezo. Mapokeo yanasema ni Yeremia. Kitabu chenyewe hakitaji jina. Ni mashairi matano, na manne kati yake yamepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, kila ubeti na herufi yake kwa mfuatano. Ile sura ya tatu imebana zaidi, mistari mitatu kwa kila herufi, jumla 66. Washairi wetu wa vina na mizani wataelewa: mtu ambaye kila kitu chake kimebomoka anashika umbo, walau beti zisimbomokee.

Humo katika sura ya tatu ndimo tunapoimba: "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu." Lakini huu ni mstari wa 22 na wa 23. Kabla yake mshairi amemfananisha Mungu na dubu anayevizia, na simba aliyejificha. Amesema Mungu amemvunja meno kwa changarawe. Amesema, "Naam, nikilia na kuomba msaada, huyapinga maombi yangu." Mtu akisimama leo wakati wa shuhuda aseme hivyo, kiongozi wa ibada atamwomba kipaza sauti kwa upole.

Na baada yake? Kilio kinaendelea. Macho ya mshairi yanabubujika tena katika sura hiyohiyo, sura ya nne ina wanawake waliopika watoto wao kwa njaa, na kitabu kinakwisha na hofu kwamba huenda Mungu amewakataa kabisa. Wayahudi hukisoma katika mfungo wa tarehe tisa ya mwezi wa Av, na wakifika mwisho hurudia mstari wa 5:21, ule wa "utugeuze kwako", kwa sababu ule wa mwisho ni mchungu mno kuondoka nao. Wao wanasoma kitabu kizima ndipo wanarudi hatua moja. Sisi tunachomoa mistari miwili kutoka katikati, tunaitia kinanda na ngoma, halafu tunashangaa kwa nini haimshiki mtu aliyezama.

Nadhani nguvu ya mstari ule iko hapo hapo ulipo. Mshairi hausemi akiwa amevuka. Anausema changarawe zikiwa bado mdomoni. Na anasema rehema ni mpya asubuhi kwa asubuhi, jambo linalomkumbusha msomaji wa Biblia ile mana ya jangwani: uliyoiweka hadi kesho ilitoa mabuu, isipokuwa ya Sabato. Posho ya siku. Jirani yangu aliniambia wiki chache baada ya msiba kwamba hawezi kuombea mwaka, anaweza kuombea mpaka saa sita mchana. Nikamwambia sijui kama Maombolezo yanadai zaidi ya hapo.

Mzigo usiobebeka

Kauli ya kwamba Mungu hampi mja mzigo asioweza kuubeba tunaishiriki na majirani zetu Waislamu, ambao wanayo katika Kurani, mwisho wa Sura ya Pili. Wakristo wakiulizwa yao iko wapi hutaja 1 Wakorintho 10:13: "Mungu ni mwaminifu, ambaye hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, lakini pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea, ili mweze kustahimili."

Soma sura nzima. Paulo anazungumzia sanamu, uasherati, manung'uniko ya jangwani, na karamu za mahekalu ya Korintho. Neno la Kigiriki alilotumia hubeba mambo mawili ambayo sisi tunayapa majina mawili. Hata Baba Yetu imegawanyika hapo: Wakatoliki husali "usitutie katika kishawishi", Waprotestanti "usitutie majaribuni". Katika mstari huu uzito uko upande wa kishawishi. Ahadi ni kwamba hakuna dhambi itakayokubana mpaka usiwe na mlango. Hujafungiwa ndani na kuambiwa lazima utende. Hausemi kwamba kansa, au mkopo wa benki, au kuzika mtoto ni vitu vilivyopimwa na mizani ya mbinguni kwa kilo unazoziweza.

Ushahidi mkubwa ni Paulo mwenyewe, kwa Wakorintho walewale, katika waraka wa pili: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Mno kuliko nguvu zetu. Kama kauli ya msibani ingekuwa kanuni, mtume angekuwa ameivunja. Anavyoendelea ni kwamba hukumu ile ya mauti iliwafundisha wasijitumainie nafsi zao, "bali tumtumaini Mungu, awafufuaye wafu". Mwenye uwezo wa kufufua wafu hahitaji kupima mzigo wako kwa nguvu zako. Kumwambia mtu aliyelemewa kwamba angeweza kubeba ni kumrudishia mzigo na kumwongezea aibu juu.

Petro alitoka, Yakobo hakutoka

Matendo ya Mitume sura ya 12 ingepaswa kusomwa katika kila semina ya maombi. Mstari wa pili: Herode akamwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Basi. Mstari mmoja. Kuanzia wa tatu tunapewa hadithi ndefu na tamu ya Petro: minyororo miwili, askari wawili, malaika anampiga ubavuni, lango la chuma linafunguka lenyewe, na yule binti Roda ambaye kwa furaha anasahau kufungua mlango. Kanisa ni lilelile, mfalme ni yuleyule, Mungu ni yuleyule, na hatusomi popote kwamba Petro alikuwa na imani kubwa kuliko Yakobo. Petro alikuwa amelala.

Huwa nawaza habari za Petro zilimfikaje Yohana, ambaye kaburi la kaka yake lilikuwa bado bichi. Watu walisema, bila shaka, kwamba Mungu ni mwaminifu. Ukweli wa sentensi hiyo hupimwa kwa kuangalia kama inaweza kutamkwa Yohana akiwa anasikia.

Waebrania 11 inafanya vivyo hivyo kwa makusudi. Inawataja waliofunga vinywa vya simba, waliozima nguvu za moto, wanawake waliopokea wafu wao wamefufuliwa, halafu bila hata kubadilisha mstari inageuka: wengine waliumizwa vibaya, walipigwa kwa mawe, walikatwa kwa misumeno, walizunguka wamevaa ngozi za kondoo. Na wote, makundi yote mawili, wameshuhudiwa kwa imani ileile, wala hawakuipokea ile ahadi katika maisha yao. Wale vijana watatu mbele ya tanuru la Babeli walilijua hilo kabla: Mungu wetu aweza kutuokoa, "bali kama si hivyo", sanamu yako hatuisujudii. Mahubiri mengi ninayoyasikia yana nusu ya kwanza tu.

Kuna hata jambo dogo ambalo msomaji wa Biblia ya zamani ya Kiswahili hulipita. Katika barua yake ya mwisho kwa Timotheo Paulo anasema, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Vijana wa siku hizi huuliza, hawezi nini? Ni Kiswahili cha pwani: hawezi, yaani ni mgonjwa. Mtume ambaye leso zake ziliponya watu Efeso alimwacha mwenzake kitandani Mileto akaendelea na safari. Hakuna maelezo kwamba Trofimo hakupanda mbegu, au kwamba kuna dhambi ya mababu ilikuwa haijatubiwa.

Biblia hiyo yenyewe ina kaburi mwanzoni mwake. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kazi ya kutia Mwanzo katika Kiswahili, na mwaka huohuo, mwezi Julai, akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga huko bara, ng'ambo ya kisiwa, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa wa homa. Simtaji ili nimfanye shujaa. Wapo mamia ya Waafrika waliozika wao bila kuandikwa popote. Namtaja kwa sababu yule aliyekuwa akitafuta maneno ya Kiswahili ya kusema Mungu ni nani, hakuyatafuta akiwa salama.

Kutokana na haya yote nimeacha kuiona imani kama malipo, kwamba ukitia kiasi cha kutosha mashine inatoa. Katika 2 Timotheo 2:13 tukiishiwa imani kabisa, "yeye hudumu wa kuaminiwa". Mikono isiyoshuka ni yake.

Nani ana haki ya kusema "haina makosa"

Nilikuwa tayari kuifuta kabisa kauli ya "kazi ya Mungu haina makosa", maana kwa maneno hayo haimo katika Biblia. Ila haki yake nayo ipewe. Kumbukumbu la Torati 32:4 inasema, "Yeye Mwamba, kazi yake ni kamilifu, maana, njia zake zote ni haki. Mungu wa uaminifu, asiye na uovu." Ni emuna tena, na Wayahudi tangu zamani huutumia mstari huu katika sala za mazishi. Bibi zetu hawakuokota kauli yao jalalani.

Kinachobadilisha kila kitu ni mdomo unaoisema. "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa" ni maneno ya Ayubu mwenyewe, aliyekuwa amepoteza watoto kumi, tena akiwa chini, joho limeraruliwa, kichwa kimenyolewa. Hakuna aliyemwambia. Kinywani mwa aliyefiwa ni ibada. Kinywani mwa mgeni aliyekuja na gari la Noah na anarudi nyumbani kwa watoto wake ni kifuniko cha sufuria. Marafiki watatu wa Ayubu walifanya vema kwa siku saba, mchana na usiku, walipokaa naye chini bila neno. Walipoanza kumtetea Mungu ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliyetetewa anawaambia hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Ayubu, ambaye kwa sura ishirini hivi alikuwa amemlalamikia Mungu usoni.

Yule mama wa jikoni, lazima niseme, alikuja kuchota maji pale kwa jirani yangu kwa wiki mbili baada ya turubai kung'olewa na wageni kutawanyika. Aliosha vyombo, alimpeleka mkubwa shule, hakuhubiri tena. Maneno yake yalikuwa ya Elifazi, mmoja wa wale marafiki watatu wa Ayubu, mikono yake ilikuwa ya Huri.

Kulia ukiwa ndani ya agano

Kwa hiyo mtu anayeuliza "Mungu, uko wapi?" hajatoka nje ya imani. Anamdai aliyeahidi, maana huwezi kumdai mtu ambaye huna amana kwake. Zaburi zimejaa madai ya namna hiyo, na ile inayoeleza jambo letu kuliko zote ni ya 89. Neno emuna limo mara saba. Inaanza kwa shangwe: "Fadhili za BWANA nitaziimba milele, kwa kinywa changu nitavijulisha vizazi vyote uaminifu wako." Inakumbuka kiapo kwa Daudi, kiti cha enzi kitakachodumu kama jua. Kisha kwenye mstari wa 38 inapinda ghafla: wewe umemtupa na kumkataa. Taji liko mavumbini, kuta zimebomolewa, majirani wanacheka. Inamuuliza Mungu moja kwa moja ziko wapi zile fadhili za kwanza alizomwapia Daudi kwa uaminifu wake.

Mungu hajibu. Zaburi haina mstari wa majibu. Unaofuata malalamiko, wa mwisho kabisa, ambao unafunga pia kitabu cha tatu cha Zaburi, ni huu: "Na ahimidiwe BWANA milele. Amina na Amina."

Miezi mitatu baada ya mazishi jumuiya yetu ilikutana nyumbani kwa jirani yangu, na zamu ya kusoma ilikuwa yake. Alichagua hiyo. Mistari 52 ni mingi kwa jioni ya katikati ya wiki, watoto wakaanza kusinzia, lakini hakuruka hata mmoja. Alipofika kwenye "zi wapi" alinyamaza kidogo, akalamba midomo, akaendelea. Kwenye Amina ya kwanza tuliitikia sote kwa mazoea. Ile ya pili aliisema peke yake, taratibu, akafunga Biblia, akaenda kuangalia chai.